Mgeni Ndani ya Kompyuta ya Edah

Asubuhi ya Alhamisi Edah alitoka chumbani na mtoto begani, akasimama mlangoni pa jikoni, akauliza, "Mama, kuna mtu ameshika kompyuta yangu jana?"

Nangila alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka. "Mimi na hiyo mashini wapi na wapi?" akasema. "Hata kuiwasha sijui."

Huo ulikuwa uongo, na Nangila si mwongo. Ana makosa yake mengine. Ana wasiwasi wa kupita kiasi. Hufunga mlango halafu hurudi mara tatu kuusukuma aone kama umefungika kweli, na pikipiki ikipiga breki huko barabara ya Kanduyi, huwahesabu watoto wake wote kwa vidole. Lakini uongo, hapana. Ndiyo maana uji ule alioukoroga mwenyewe ulimshinda kumeza.

Turudi nyuma kidogo, ili asiyewajua asipotee njiani.

Edah ndiye kifungua mimba wake. Ni muuguzi wa cheti, ameolewa Kitale na Kevin, fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake karibu na soko. Mtoto wao Mukhisa alikuwa na wiki sita. Tangu akiwa msichana Edah alitaka kuwa mkunga, na mwaka huu chuo kimoja kilitangaza nafasi kumi na mbili za kusomea kazi hiyo, wafadhili wakisimamia kila kitu. Ila kulikuwa na mtihani wa kuingia, unafanyiwa nyumbani kwa kompyuta, Alhamisi saa nane kamili mchana. Mara moja tu. Ukiukosa, ungoje miaka miwili. Na Edah alikuwa ameusomea kwa miezi minne, daftari kwenye goti moja na tumbo kwenye lingine, kisha mtoto alipokuja, daftari kwenye goti moja na mtoto kwenye lingine.

Kule Kitale chumba chao kimepakana na mashine ya kusaga mahindi, na mtihani wenyewe una masikio. Ukisikia kelele unasimama. Ndiyo sababu Edah alikuja kuufanyia kwa mamake, mahali ambapo kelele kubwa ni ya kuku.

Sasa, mtihani huo unataka vitu viwili ndani ya kompyuta. Kimoja ni programu ya msimamizi, ambayo inakaa ndani kabisa ya kompyuta na kulinda mtu asiibe majibu. Cha pili ni kiongezi, kidude kidogo kinachokaa juu kwenye brauza, pale ambapo maswali hutokea. Hivi viwili lazima vishikane mkono. Vikishikana, kiongezi kinawasha kitaa cha kijani. Vikiachana, taa inakuwa nyekundu na ukurasa wa mtihani haufunguki hata ulie. Tena taa hiyo iwe kijani kabla ya saa nane kasorobo, maana baada ya hapo mlango unafungwa. Kevin aliviunganisha Jumapili huko Kitale, vikashikana vizuri, akamwambia mkewe, "Usiguse kitu. Ikibadilika, unipigie."

Edah alipofika Kanduyi akaiweka kompyuta juu ya meza, akamwambia mamake, "Mama, hii usiguse hata kwa kitambaa."

"Niguse ya nini?" Nangila akasema.

Jumatano Edah alimpeleka mtoto kliniki kwa sindano ya wiki sita. Nangila alibaki nyumbani, na kwa sababu stima ya pale hupotea bila kuaga, akaingia kuangalia kama kompyuta bado inachajiwa. Akaikuta inajizima. Ikakaa kimya. Ikawaka yenyewe kama zinavyofanya zikijisasisha. Brauza ikarudi mahali pake. Na pale juu kabisa, taa ilikuwa nyekundu.

Akampigia Edah. Simu haikupatikana. Akapiga tena, akapiga ya tatu. Hakuna.

Mtu mwingine angempigia Kevin. Lakini kwa Wabukusu mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja. Siku hizi wako wanaopigiana simu na hata kutaniana. Nangila huwasikia tu. Yeye alilelewa na mama aliyeshinda kutwa nzima ndani ya ghala la mahindi huko Tongaren kwa sababu mkwe alikuja bila kutangaza. Miaka mitatu tangu Edah aolewe, Nangila alikuwa hajawahi kumtazama Kevin usoni. Sauti yake aliisikia kwenye simu ya Edah tu, ikipenya ukutani. Nambari yake hakuwa nayo, na hakuwahi kuiomba. Angeiombaje?

Basi akaketi mbele ya kompyuta. Nangila aliishia darasa la saba, lakini kusoma anasoma. Yale maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa chini ya taa nyekundu akayanakili herufi moja moja, kwa kidole kimoja, pale juu ambapo huwa anamwona Edah akiuliza maswali. Akabonyeza. Majibu yakashuka kama mvua, na la kwanza kabisa lilikuwa na nambari ya simu. Fundi yuko tayari, piga sasa.

Mama mwenzangu, hapa ndipo pa kushika. Nambari iliyojitokeza juu ya zote haikuwekwa pale na malaika. Kuna mtu aliyeiweka, anajua kwamba aliyeshikwa na hofu hupiga ya kwanza anayoiona.

Nangila akapiga.

"Haloo mamangu," sauti ikaitika, laini kama ya mtu anayeomba kura.

"Kompyuta ya mtoto wangu imekata mawasiliano," Nangila akasema, maneno yakimtoka mbiombio. "Iko na taa nyekundu, na kesho ni mtihani."

"Pole sana, mamangu. Umefanya vizuri kupiga mapema. Wengine hungoja mpaka kunaharibika kabisa. Uko pekee yako hapo?"

"Niko pekee yangu."

Swali hilo tu lingetosha kumwamsha. Fundi anataka kujua uko na nani kwa nini? Lakini mtu aliyekuita mamangu mara mbili katika pumzi moja, unaona aibu kumshuku.

Akamwelekeza. Andika hapa, mamangu. Bonyeza pale. Kubali. Kubali tena. Sasa kuna nambari tisa zimetokea, nisomee polepole. Nangila akazisoma kwa sauti, moja moja, kama alivyokuwa akisoma mbele ya mwalimu, na tuseme ukweli, alijisikia vizuri. Kumbe naye anaweza. Edah akirudi atakuta taa ya kijani.

Halafu mshale ukaanza kutembea wenyewe.

"Usiogope, mamangu. Huyo ni mimi. Nimeingia."

Nangila akautazama ule mshale. Haukwenda kwenye taa. Ulikwenda mahali Edah anapoweka picha zake. Ghafla Mukhisa akajaa kwenye kioo, uchi ndani ya beseni, povu kichwani. Mshale ukampita. Ukafungua barua za Edah.

"Taa iko upande ule mwingine," Nangila akasema.

"Tulia, mamangu. Hii laini unanipigia nayo, imesajiliwa kwa jina lako ama la mzee?"

Nangila akaufunga mfuniko wa kompyuta kwa mikono yote miwili, kama mtu anayefunika sufuria inayofurika. Akakata simu. Ikalia. Ikalia tena. Akaizima, akaenda jikoni, akaizika ndani ya kopo la unga.

Edah aliporudi, mtoto alikuwa na homa ya sindano na analia. Hakuna aliyekumbuka kompyuta. Nangila alifungua mdomo aseme, akaona macho ya mwanawe yalivyochoka, akaufunga. Nitamwambia baadaye, akawaza. Baadaye ikawa Alhamisi asubuhi, uji uko motoni, na swali limeulizwa mlangoni.

* * *

Saa moja na nusu Edah alikuwa na Kevin kwenye simu, ameiweka juu ya meza isikike. Nangila alisimama nyuma ya ukuta na Mukhisa kifuani.

"Programu umeifungua?" sauti ya Kevin ikauliza.

"Nimeifungua. Iko wazi naiona."

"Na taa?"

"Nyekundu kama nyanya."

"Funga brauza. Yote, si dirisha moja. Halafu fungua tena."

Edah akafunga, akafungua. "Nyekundu."

"Kiongezi kimeuliza ruhusa? Labda kiliuliza ukakataa."

"Sijakataa kitu, Baba Mukhisa. Nimekubali kila kitu isipokuwa mke wa pili."

Kevin alicheka, lakini kicheko kifupi. Akamwambia aondoe kiongezi na kukiweka upya. Akafanya. Nyekundu. Aizime kompyuta na kuiwasha. Nyekundu. Atazame kama kile kinga-virusi kimezuia. Hakijazuia.

"Si ungeingia ukiwa huko Kitale ufanye mwenyewe?" Edah akasema. "Kama unavyofanyia wateja."

"Siwezi. Programu hiyo haitaki mtu wa mbali. Ikimwona tu inagoma."

Nyuma ya ukuta, Nangila alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Haitaki mtu wa mbali. Alimshika mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Nakuja," Kevin akasema. "Nachukua pikipiki. Mwambie mama nakuja, asije akanikuta ghafla."

Kwa hiyo Nangila alikuwa na hofu mbili za kubeba kwa mikono miwili. Mkwe anakuja, na mkwe anakuja kutafuta kitu ambacho ni yeye tu anakijua.

Kevin alifika kwenye saa tano na nusu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipiga honi langoni na kungoja, kama inavyotakiwa, mpaka Nangila alipojitoma jikoni na kuvuta mlango. Jiko lenyewe limejengwa peke yake uani, na dirisha lake dogo linatazamana na baraza ya nyumba. Edah akamletea Kevin kompyuta barazani, na kiti, na chai. Nangila akaketi juu ya gunia la mahindi, leso imefunika kichwa, akisikiliza.

Alisikia vidole vikigonga. Alisikia kompyuta ikizimwa na kuwashwa, ule mlio wake mdogo kama wa kengele, mara nne. Saa sita. Saa sita na nusu. Alimsikia Kevin akiuliza, "Edah, una hakika hakuna mtu aliyeishika?" na Edah akijibu, "Nilimwuliza mama. Na mama hawezi kunidanganya."

Hilo lilimchoma kuliko kitu kingine chochote. Kama Edah angesema mama ni mzee, mama husahau, ingekuwa afadhali.

Ilipofika saa saba na robo Edah aliingia ndani kumnyonyesha mtoto ili alale kabla ya mtihani. Barazani vidole vikanyamaza. Nangila akamsikia Kevin akipumua kwa nguvu, kisha akizungumza kwenye simu kwa sauti ya chini, na fundi mwenzake pengine.

"Nimejaribu yote, bana. Yote. Vitu vyote viwili viko sawa ila havitaki kuongea… Sijui nitamwambia nini. Huyu amesoma na mtoto kwa paja… Hapana. Nitamwambia nilikosea mimi kuviweka. Afadhali anikasirikie mimi kuliko ajione hana bahati."

Nangila alisimama. Akakaribia dirisha lakini hakulifikia. Alisimama kando yake, mgongo ukutani, mahali ambapo hawezi kuona wala kuonekana.

"Baba Mukhisa," akasema.

Barazani kiti kililia. Kevin alikuwa amesimama.

"Mulembe, mayi," Kevin akajibu, kama mtu anayemsalimu mamake mwenyewe.

"Umegeukia wapi?"

"Nimegeukia shambani. Naona mahindi tu."

"Basi kaa hivyo hivyo." Akaivuta leso usoni. "Ni mimi."

"Ni wewe nini, mayi?"

"Ni mimi nilishika. Taa ilikuwa nyekundu jana, Edah hapatikani, nikapigia nambari iliyotokea juu. Akaingia mtu. Mshale ukatembea. Akafungua mtoto wako, akafungua barua. Nikafunga. Leo nikaulizwa nikadanganya."

Alingoja kelele. Mwanamume ametoka Kitale na pikipiki, ameacha kazi yake, amehangaika saa mbili kwa kitu ambacho mama mkwe amekificha. Ana haki ya kupaza sauti. Nangila alifumba macho.

"Ulipiga saa ngapi?" Kevin akauliza.

"Mchana."

"Mchana wa saa ngapi hasa? Simu uliyopigia iko wapi?"

"Kwa unga."

"Wapi?"

"Kwa kopo la unga."

Kevin akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayezuia kitu kingine. "Iwashe, mayi, uiweke dirishani. Sitaangalia."

Nangila akaifukua, akaipangusa kwa leso, akaiwasha, akaiweka ukingoni mwa dirisha na kurudi nyuma ya mlango. Akasikia hatua zikija, zikienda. Saa saba na dakika ishirini na tano.

"Jumatano, saa sita na dakika kumi na mbili," Kevin akasema, sasa akiongea haraka. "Acha nione ni kitu gani kiliingia baada ya hapo." Vidole vikagonga. "Kimoja tu. Huyu hapa. Ai! Nimempita huyu mara tatu. Amejiita jina la printa. Nikadhani ni mambo ya kule zahanati anakofanya kazi Edah, alikokuwa akichapisha fomu."

"Ndiye yeye?"

"Ndiye mgeni wako, mayi. Bado yuko ndani, ameketi tu. Programu ya msimamizi ikiona kuna mlango wa mtu wa nje, inanyamaza, haiongei na kiongezi. Na haikuambii ni kwa nini. Inakuwashia nyekundu basi."

Kabla hajamaliza, simu ya Nangila ikalia mkononi mwa Kevin. Nambari ni ile ile. Mtu huyo alikuwa amepiga na kupiga tangu jana, na sasa hivi ndiyo ameikuta imewashwa. Kevin akaipokea na kuiweka isikike.

"Mamangu mzuri," ile sauti laini ikasema. "Mbona jana uliniacha? Kazi yetu hatukumaliza."

"Mamako ametoka kidogo," Kevin akasema. "Mimi ni mkwe wake. Nikusaidie?"

Simu ikakatika. Jikoni, nyuma ya mlango, Nangila alicheka bila kutaka, mkono mdomoni. Halafu machozi yakaja, naye hakuyataka vilevile.

Kevin alimng'oa yule mgeni. Akaangalia kama ameacha mwenzake mahali pengine. Akazima kompyuta. Akaiwasha. Saa saba na dakika thelathini na nane. Akafungua programu, akafungua brauza. Nangila alikuwa ameshika kizingiti cha mlango kwa kucha.

"Mayi."

"Niambie."

"Kijani."

Edah alikuwa ametoka na mtoto begani, akasimama nyuma ya mumewe, na yowe alilotoa liliwapeleka kuku wote nyuma ya choo. Hakuuliza imekuwaje. Hapakuwa na muda. Alinyakua kompyuta, akambusu mtoto, akamkabidhi babake, akakimbilia ndani na kufunga mlango. Ilibaki dakika tano mlango wa mtihani kufungwa.

* * *

Ndani ya chumba cha mtihani haruhusiwi mtu wa pili. Kwa hiyo saa mbili zile uani walikuwa watu watatu: Kevin barazani, Nangila jikoni, na Mukhisa.

"Mayi," Kevin akanong'ona baada ya kitambo, "nimwambie Edah?"

"Nitamwambia mwenyewe akitoka. Ni uongo wangu." Kisha akauliza kitu kilichokuwa kinamsumbua. "Na ile nyekundu ya kwanza kabisa? Ya jana, kabla sijapiga?"

"Hiyo haikuwa kitu. Kompyuta ilijizima ikaamka, na ikiamka programu haijifungui. Ilitaka tu kufunguliwa."

"Kufunguliwa namna gani?"

"Kubonyeza mara mbili."

Nangila akaketi tena juu ya gunia. Mara mbili. Yeye alikuwa amebonyeza kubali mara ngapi kwa ajili ya mtu asiyemjua?

Saa tisa kasoro mtoto akaamka. Kevin akamtembeza, akamwimbia kwa pua, wapi. Sauti ikaanza kupanda, na mtihani una masikio. Nangila alimsikia Kevin akihangaika huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Hakuweza kuvumilia.

"Tandika mkeka hapo katikati," akasema mlangoni. "Mlaze. Halafu urudi nyuma ya nyumba."

Kevin akatandika, akamlaza, akaenda. Nangila akatoka, uso chini ya leso, akamwinua mjukuu wake, akamfunga mgongoni na kuanza kumtikisa ule mtikiso ambao hakuna mwanamume anaujua. Mtoto akapiga kwikwi mbili akalala. Alipotaka kwenda kuchota maji akamlaza tena mkekani, akaingia jikoni, akagonga mlango kwa kijiko, na Kevin akatokea kumchukua. Walifanya hivyo mara nne mchana ule. Mkeka haukukunjwa. Na hakuna aliyemwona mwenzake.

Saa kumi mlango ukafunguliwa. Edah akasimama barazani, nywele zimesimama upande mmoja mahali alipokuwa akijishika kichwa.

"Nimejibu yote," akasema. "Lile la mwisho sijui. Lakini nimejibu yote."

Nangila akamwita jikoni, akamketisha juu ya gunia, akamwambia. Hakupunguza kitu. Alimwambia nambari tisa, na beseni la mtoto, na kopo la unga, na uji. Edah alisikiliza, mdomo wazi.

"Mama. Nilikuambia usiguse hata kwa kitambaa."

"Ulisema."

"Na ukaniangalia kwa macho asubuhi."

"Sikukuangalia. Nilikuwa nimeinamia uji."

Edah alitaka kukasirika. Ilionekana anatafuta mahali pa kuanzia. Halafu akamtazama mamake, unga bado uko kwenye leso. Akaweka kichwa begani pake. "Ulimwambia Baba Mukhisa?" akauliza. "Wewe? Kwa mdomo wako?"

"Alikuwa amegeukia shambani."

"Ai, mama." Edah akacheka mpaka akajishika mbavu. "Ai, mama yangu."

Kevin hakutaka giza limkute njiani. Kabla ya kuondoka alibadilisha maneno ya siri ya Edah, yote, moja baada ya jingine, kwa sababu barua zilikuwa zimefunguliwa na mtu akishaingia hujui alibeba nini. Akaizuia ile nambari kwenye simu ya Nangila. Kisha akaokota kipande cha makaa, akaja kwenye ukuta wa jikoni upande wa nje, karibu na dirisha, akaandika. Nangila alisikia makaa yakikwaruza udongo.

"Mayi, hii ni nambari yangu," Kevin akasema. "Ukiona taa nyekundu yoyote, hata kama ni ya redio, piga mara moja ukate. Huna haja ya kusema neno. Nitajua ni wewe, nitampigia Edah ama nitamtuma mtu. Heshima itabaki pale pale."

"Mara moja nikate," Nangila akarudia.

"Mara moja."

Pikipiki ikanguruma, ikaondoka. Nangila akatoka jikoni. Tarakimu zilikuwa kubwa, nyeusi, zimeandikwa kwa mkono wa mtu mwangalifu, juu kidogo mahali ambapo mvua haifiki. Akazisoma kwa sauti, moja moja. Akaziweka kwenye simu. Akarudi ukutani kuhakikisha hakukosea, na akarudi tena.

Ilipokaribia saa moja jioni, Edah akiwa anamwogesha mtoto, Nangila alianza kuhesabu njia. Kimilili atakuwa ameshapita. Sasa anakaribia Kitale. Kuna malori ya mahindi barabara ile, na taa ya pikipiki yenyewe ni moja. Aliingia jikoni, akatoka. Akausukuma mlango ambao alikuwa ameshaufunga.

Akachukua simu. Akapiga. Ikalia mara moja, akakata.

Alisimama pale uani akiishika simu kwa mikono miwili. Edah alikuwa anaimba ndani, maji yanamwagika. Kisha simu ikawaka, ikalia mara moja tu, ikakatika.

Amefika.

Nangila akaenda kupika ugali.